Fungu la Maskini katika Sikukuu za Mataifa

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewajaalia waja wake siku za kazi na siku za furaha. Rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Amma baad. Hakuna kaumu iliyopata kujulikana duniani ikawa haina sikukuu. Wakulima wana siku ya mavuno, wafalme wana siku ya kutawazwa, na watu wa dini wana siku za kukumbuka neema za Mola wao. Imepokewa kwa Bibi Aisha (R.A.) ya kwamba siku moja ya Idi wasichana wawili walikuwa wakiimba nyumbani kwake, Sayyidna Abubakar akawakemea, na Mtume (S.A.W.) akamtaka awaache, akambainishia ya kuwa kila watu wana idi yao, na siku ile ilikuwa ni idi ya Waislamu. Kwa hadithi hii hujulikana mambo mawili. La kwanza, kufurahi siku ya Idi si upungufu wa dini. La pili, mataifa yote yamelingana katika kuwa na siku ya furaha, ila hayakulingana katika namna ya kufurahi.

Basi mwenye akili akitaka kuzipima sikukuu za watu, na azipime kwa kipimo gani? Wako wazipimao kwa wingi wa watu, wako wazipimao kwa uzuri wa nguo na vyakula, na wako watazamao ukale wake tu. Vipimo hivi vyote vina upungufu, kwani soko nalo lina watu wengi, duka nalo lina nguo nzuri, na ujinga nao ni wa kale. Kipimo kilicho sawa ni swali moja: siku hiyo ifikapo, yule asiyekuwa na kitu hupata nini? Je, furaha ya sikukuu ni mali ya mwenye uwezo, ampe amtakaye na amnyime amtakaye, au ni haki ambayo maskini ana fungu lake ndani yake?

Kwanza na itazamwe Nairuzi, kwa kuwa ndiyo sikukuu ya kigeni iliyokaa na Waislamu muda mrefu kupita zote. Asili yake ni katika nchi ya Fursi, na huwa tarehe 20 au 21 ya mwezi wa Machi, usiku na mchana unapolingana. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wake wana siku mbili za kucheza, nao wenye kuisherehesha hadithi hiyo wamesema ya kuwa ni Nairuzi na Mahrajani. Akawaambia ya kuwa Mwenyezi Mungu amewabadilishia siku hizo kwa mbili zilizo bora kuliko hizo, Idi ya Kuchinja na Idi ya Kufungua. Na azingatie msomaji neno la kubadilisha. Hawakunyang'anywa furaha wakaachwa mikono mitupu, bali walipewa furaha nyingine iliyo bora. Ubora wake ni wa namna gani, hayo yatakuja mbele.

Nairuzi ya watu wa kawaida huko Fursi ina mambo mema: wadogo huwazuru wakubwa, na wakubwa huwapa wadogo zawadi. Lakini Nairuzi ya watawala ilikuwa na sura nyingine. Katika zama za wafalme wa Fursi, na baadaye katika zama za baadhi ya maliwali wa Bani Umayya, raia walikuwa wakitozwa hadiya za Nairuzi na Mahrajani, kiasi cha kuwa siku ya furaha ya mtawala ikawa siku ya majonzi ya mkulima. Khalifa Umar bin Abdul-Aziz, aliyetawala tangu mwaka 717 hata 720, aliamuru hadiya hizo zisichukuliwe tena. Hakuna mfano ulio wazi kuliko huu wa sikukuu iliyopinduliwa juu chini: mali ilitoka kwa asiyenacho ikaenda kwa aliyenacho, na jina lake bado likawa ni furaha.

Nairuzi hiyohiyo ilisafiri na pepo za kaskazi ikafika katika pwani hii, ikaitwa Siku ya Mwaka. Mwaka wake ni wa siku 365, nao huhesabiwa kwa makumi, na kwa hesabu hiyo mabaharia walijua pepo na wakulima walijua wakati wa kupanda. Huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, siku hiyo huja katika mwezi wa Julai na huitwa Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa mashina ya migomba mpaka kinyongo cha mwaka kiwatoke, na kibanda cha makuti hutiwa moto, kisha watu hula. Mambo ya uganga yaliyochanganyika humo hayana msingi katika sharia, wala haimfalii Muislamu kuitakidi ya kuwa moto wa kibanda huondoa balaa. Lakini katika desturi ya watu hao liko jambo moja lipasalo kutazamwa kwa insafu: huona ni mkosi nyumba kukosa mgeni siku hiyo. Milango huwa wazi, na mpita njia huitwa ale. Itikadi ya mkosi ina makosa, lakini mkono umfungulia mgeni mlango haukukosea.

Ama Mayahudi, wao wana siku waiitayo Purim, katika mwezi wao wa Adar, kukumbuka kuokoka kwao katika nchi hiyohiyo ya Fursi kama kinavyoeleza kitabu cha Esta. Kitabu hicho kimezitaja siku hizo kuwa ni za karamu, na za kupelekeana vyakula, na za kuwapa maskini. Wanazuoni wao wakaweka kiasi: kila mtu na awape maskini wawili kwa uchache, na hata yeye aishiye kwa sadaka yampasa kutoa. Musa bin Maimun, aliyekuwa tabibu katika baraza la Salahuddin al-Ayyubi na akafa Misri mwaka 1204, aliandika ya kuwa ni bora mtu azidishe katika kuwapa maskini kuliko kuzidisha katika karamu yake mwenyewe. Na mahali pengine akasema juu ya mtu afungaye milango ya ua wake, akala na kunywa yeye na mkewe na watoto wake bila ya kuwalisha maskini, ya kuwa furaha yake hiyo si furaha ya ibada bali ni furaha ya tumbo. Na neno la haki hupokewa hata likitoka kwa asiyekuwa wa dini moja nawe.

Ama Wakristo, katika Uingereza ilikuwa desturi baada ya Krismasi mabwana kuwapa watumishi wao na mafundi visanduku vyenye fedha au vitu, na hata leo tarehe 26 Desemba huitwa huko Siku ya Visanduku. Lakini sikukuu hiyo ilikuwa pia na ulevi na kamari nyingi, hata mwaka 1647 Baraza la nchi hiyo, lililokuwa mikononi mwa Wakristo wenye msimamo mkali, likaifuta. Hoja yao ilikuwa haikutajwa katika kitabu chao, na imejaa maasi. Watumishi wakapewa badala yake Jumanne ya pili ya kila mwezi wapumzike. Watu hawakuridhika. Katika mji wa Canterbury palikuwa na ghasia kubwa, na ufalme uliporudi mwaka 1660 sikukuu nayo ikarudi. Katika khabari hii mna fundisho. Kupumzika ni jambo jema, lakini siku ya kupumzika si sikukuu. Mtumishi aliyepewa mapumziko tu hukaa nyumbani kwake na umaskini wake, na bwana wake hukaa kwake na utajiri wake, wala hakuna kinachowakutanisha juu ya chakula kimoja.

Katika nchi ya China, desturi ya zamani ni mtu kujitahidi kulipa madeni yake kabla ya mwaka wao mpya kuingia, kwa kuwa ni aibu kuuingia mwaka na deni la mwaka uliopita. Na wafanya biashara wa Kigujarati, ambao watu wa pwani wamekaa nao karne nyingi katika bandari hizi, wakati wa Diwali hufunga daftari za mwaka uliokwisha na kufungua mpya. Katika sikukuu hizo mna ibada ambazo Muislamu hana ruhusa ya kuzishiriki. Lakini mwenye kutazama kwa jicho la mazingatio ataona ya kuwa watu hao wamefahamu jambo: furaha haikamiliki na mtu amefungwa shingo kwa haki ya mwenzake.

Na sasa itazamwe sharia ya Kiislamu, ili ijulikane ubora wa siku zile mbili ni wa namna gani. Katika mwaka wa pili wa Hijra ilifaradhiwa zaka ya fitri. Nayo katika madhehebu ya Imamu Shafi (R.A.) ni pishi moja, yaani vibaba vinne, ya chakula kiliwacho zaidi katika mji, kwa kila kichwa: mwanamume na mwanamke, mkubwa na mdogo, hata mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya jua kuchwa siku ya mwisho ya Ramadhani. Haifai mchele ulioharibika wala wenye wadudu, wala katika madhehebu haya haitoshi thamani yake kwa fedha. Yaani maskini hapewi makombo ya mji, bali hupewa kilekile ambacho mji wenyewe unakula.

Zaidi ya hayo, mwenye kulazimika si tajiri peke yake. Ni kila mtu ambaye, jua linapokuchwa, ana ziada juu ya chakula chake na cha wale wanaomlazimu kwa usiku wa Idi na mchana wake, baada ya mavazi na makao ya kumfaa. Kwa hiyo huenda maskini aliyeletewa pishi nne tano kabla ya magharibi naye ikampasa kutoa. Hekima yake ni kubwa. Mtu aliyezoea mwaka mzima kunyoosha mkono kupokea, usiku huo hupata kuunyoosha kutoa. Sharia haikutaka maskini ashibe tu, imetaka asimame katika safu ya watoaji akiwa ameinua kichwa.

Hata saa ya sala imewekwa kwa kumtazama yeye. Wanazuoni wamesema ya kuwa ni sunna kuichelewesha kidogo sala ya Idi ya Kufungua ili watu wapate nafasi ya kutoa fitri kabla yake, na kuiharakisha sala ya Idi ya Kuchinja ili watu wawahi kuchinja. Imamu husubiri, na maamuma husubiri, mpaka chungu cha maskini kipate cha kupikwa. Na kuichelewesha fitri mpaka siku ya Idi ipite bila ya udhuru ni haramu. Ama katika Idi ya Kuchinja, hapana budi sehemu ya nyama ya udhuhiya ipewe maskini ikiwa mbichi, ili aitumie apendavyo kama mwenye mali. Ngozi yake haiuzwi, wala mchinjaji halipwi ujira kwa nyama hiyo. Na katika Sura ya Haj imebainishwa ya kuwa kimfikiacho Mola si nyama wala damu, bali ni uchamungu wa mwenye kuchinja.

Basi huu ndio ubora. Mataifa mengi yamemkumbuka maskini baada ya kula, na baadhi yao wamemkumbuka wakati wa kula. Uislamu umemtanguliza kabla ya sala na kabla ya karamu, ukalifanya fungu lake kuwa ni deni juu ya shingo ya mwenye kufurahi, wala si ihsani ya moyo wake akipenda.

Huenda akasema mwenye kusema: Nimekwisha toa pishi zangu kwa hesabu ya watu wa nyumba yangu, na mali iliyobaki ni yangu ya halali. Nitavaa nitakacho na kula nitakacho, na jirani yangu hana tena dai juu yangu. Maneno haya katika hukumu ya fitri ni ya kweli, kwani dhima yake imetakasika. Lakini pishi ni mlango, si nyumba. Sharia huweka kiasi ambacho mtu akikipunguza hupata dhambi, kisha huacha uwanja mpana juu ya kiasi hicho ili zijulikane tabia za watu. Mtume (S.A.W.) amekitaja chakula cha walima ambacho hualikwa matajiri na huachwa maskini kuwa ni chakula kilicho kiovu. Chakula hicho ni cha halali, kimenunuliwa kwa mali ya halali, na kimepikwa kwa mkono safi. Ubaya wake umetoka wapi ila kwa yule asiyeitwa?

Akasema tena: Je, kuvaa vizuri siku ya Idi si sunna? Naam, ni sunna mtu avae kilicho bora katika alicho nacho. Si kilicho bora katika alicho nacho jirani, wala katika alicho nacho mwenye duka. Hapa ndipo ulipoingia ugonjwa katika miji ya pwani. Kumi la mwisho la Ramadhani, ambalo nyusiku zake ni za kutafuta Lailatul-Kadri, limekuwa kumi la maduka. Mtu mwenye pato dogo hukopa kanzu na kofia, akakopa nguo za watoto, akakopa doti za leso na mapazia ya madirisha, akakopa mbuzi na mchele wa biriani. Idi hupita kwa siku tatu nne, na deni hukaa hata Mfungo Tatu, ikamkuta Idi ya pili hajalipa ya kwanza.

Na mtu huyu asidhani ya kuwa ameitukuza siku ya Mwenyezi Mungu. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, amesahihisha katika Minhaji, kitabu kisomeshwacho katika darasa za pwani hii, ya kuwa ni haramu mtu kutoa sadaka kwa kitu anachokihitajia kwa chakula cha wale wanaomlazimu, au kwa deni asilotaraji njia ya kulilipa. Ikiwa sadaka yenyewe, pamoja na fadhila zake zote, huharamika kwa kumdhulumu mwenye deni, je, mapazia yatakuwa na hukumu gani? Mchina asiyekuwa na kitabu hiki huona haya kuuingia mwaka na deni, na Muislamu aliyekisoma huona haya kuiingia Idi bila ya deni.

Na madhara hayaishii kwake. Kila nyumba inayokopa kwa ajili ya macho ya watu huipandisha bei ya furaha kwa nyumba iliyo jirani. Yuko baba asiyethubutu kukopa, kwa kuwa hapana wa kumkopesha. Usiku wa kuamkia Idi, takbiri zinaposikika misikitini, yeye hutafuta shamba la jamaa apate kuwapeleka watoto wake, wasiwaone wenzao na wenzao wasiwaone. Pengine pishi za mchele ziko ndani kwake, zimejaa, na fitri imemfikia kwa wakati wake. Tumbo lake halina njaa, lakini siku yenyewe imemtoa nje. Fitri iliwekwa ili maskini asihitaji kuzunguka siku hiyo akiomba, na sasa amepata sababu nyingine ya kuzunguka: anakimbia kutazamwa.

Dawa ya ugonjwa huu si kuifuta furaha, kwani waliojaribu hivyo wameshindwa, na Mtume (S.A.W.) hakufanya hivyo. Dawa ni kuirudisha furaha kwa wenyewe. Watu wa mtaa na wahesabu nyumba zao kabla Ramadhani haijafika ukingoni, ijulikane ni nani hana, na fitri ipelekwe nyumbani kwake kwa staha, asingojewe mlangoni pa msikiti asubuhi ya Idi kama mwenye kesi. Mwenye kudai na ampe muda yule aliyedhikika, kama Qurani ilivyoamuru, na akiweza kumsamehe, basi hiyo ni hadiya ya Idi iliyo bora kuliko kanzu. Mwenye kudaiwa na avae kanzu yake ya zamani iliyofuliwa, wala asione haya, kwani haya ni kuvaa mali ya mtu.

Na sinia ya Idi isiwe ya watu wa daraja moja. Desturi ya wanaume wa pwani kukaa wanne watano juu ya sinia moja, mkono wa huyu ukagusana na mkono wa yule, ni katika desturi zilizo njema mno, nayo huharibika pale maskini anapopelekewa sahani mlango wa nyuma. Watu wa Makunduchi huogopa mkosi wa nyumba isiyo na mgeni. Mwenye kuamini Siku ya Mwisho haogopi mkosi, lakini na aogope kuulizwa juu ya jirani aliyesikia harufu ya chungu chake na asisikie mwito wake.

Kila kaumu na idi yao, na kila idi ina vazi lake na chakula chake na khabari yake ya kale. Siku ya Hesabu mja haulizwi uzuri wa mapazia yake. Huulizwa mali aliichuma kwa njia gani na aliitumia katika nini, na katika jawabu hilo maskini wa mtaa wake atakuwa ama shahidi wake, ama mdai wake.

Mwenyezi Mungu atupe sote tawfiki ya kutenda ayapendayo na kuyaridhia. Amin.